Uzi wa Jirani

Siku ya kustaafu walinizawadia saa ya ukutani,
tramu ndogo ya shaba imepanda mshale wa dakika.
Miaka thelathini na minne dakika zilinifukuza
mitaa yote ya Brno, nikazikimbia kwenye reli;
leo nizitundike sebuleni?
Nikaipeleka saa kwa mwenye duka la rehani,
nikarudi na fidla, nyuzi nne, mmoja umelegea,
na kipande cha ulimbo kikavu kama jibini iliyosahauliwa.

Jarmila alikitazama kisanduku, akanitazama mimi.
"Ungenunua baiskeli," akasema.

Mwalimu wangu ana miaka ishirini na mitatu, jina lake Zdislava.
Huja Jumanne, theluji begani bado haijayeyuka,
hunipinda kiwiko, huninyoosha shingo.
Amenibandikia vipande vitatu vya utepe mwekundu chini ya nyuzi:
"Kidole hapa, Bwana Křenek. Na hapa. Na hapa."
Naweka hapa. Sauti inatoka kule.

Maana chombo hiki hakina vituo!
Piano ina milango, kila mlango na mwenyewe,
ukimgongea wa sita hatoki wa saba.
Gitaa lina ngazi. Fidla ni ubao mtupu, mweusi,
unaoteleza kama Februari:
simama popote, umepita kwa unywele;
rudi nyuma, umepungukiwa kwa unywele.
Sauti yangu ina makengeza,
inaitazama Re, inamwamkia mtu mwingine.

Chini anakaa Bi Ludvíková.
Hugonga dari kwa mpini wa ufagio,
na nakiri, mapigo yake yamenyooka kuliko yangu.
Jarmila amehamia jikoni na redio yake.
Juzi aliuliza mlangoni: "Huu ni wimbo au mazoezi?"
"Wimbo."
Akaufunga mlango polepole, kama wa chumba cha mgonjwa.

Kisha utepe wa tatu ukabanduka kwa jasho.
Nikauokota zuliani, nikamkabidhi Zdislava aurudishe.
Akaubandika kwenye mkono wa sweta lake.
"Macho hayasikii," akasema.
"Wewe gurudumu bovu ulikuwa ukilijuaje?"

Nikanyamaza.
Kona ya Zábrdovice, saa kumi na moja alfajiri,
abiria wawili wamelala midomo wazi,
na mimi, chini ya sakafu, chini ya kelele zote,
nasikia chuma kimoja kinaimba chini kidogo ya wenzake.
Niliandika daftarini: ekseli ya nyuma, kushoto.
Mafundi walicheka. Wakafungua. Wakaacha kucheka.

"Nilikuwa nikilisikia," nikamjibu.
"Basi."

Nikafumba macho.
Kidole cha tatu juu ya uzi wa La, nikakisogeza
kama nilivyoingiza tramu kituoni siku ya barafu,
si kwa breki, kwa kuibembeleza,
kidogo, kidogo, nusu ya kidogo,
na uzi wa Re, ambao sikuugusa,
ambao upinde haukuupitia,
ukatetemeka wenyewe.
Nilipiga hodi nyumba moja,
jirani akaitika karibu.
Fidla nzima ikajaa chini ya kidevu,
hata jino langu la bandia likasikia.

Sekunde mbili, labda. Nikafurahi, kidole nacho kikafurahi,
kikateleza, tukarudi kwenye makengeza.

Tangu hapo kila jioni nabisha mlango uleule:
kimya, kimya, kimya, karibu, kimya.
Jana Bi Ludvíková aligonga mara moja tu,
kisha nikamsikia anafagia.

Jumanne tunaanza kidole cha nne.
Zdislava anasema ni kifupi, na kina kiburi.